Kupata wateja mtandaoni ukiwa na biashara ndogo ya huduma Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na mafundi AC, mafundi bomba, wasusi, wapishi wa shughuli, wapiga picha na wasafishaji wa makochi walioko Dodoma. Tumeyapanga kuanzia ya anayeanza hadi ya aliyekwisha kukwama. Bei zilizotajwa ni za mfano tu, usizichukue kama bei elekezi.

## Kabla ya kuanza

1. Kazi zangu zote zinakuja kwa kuelekezana. Kwa nini nihangaike na mtandao?

Kwa sababu mji huu umejaa watu wasio na wa kumuuliza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati hapo, kuanzia 2016, serikali ilihamia kwa kishindo, na mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji. Mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kupanga nyumba Iyumbu hana jirani wa miaka kumi wa kumwambia "mpigie fulani, ndiye fundi wetu". AC ikigoma Jumamosi mchana anashika simu na kuandika "fundi AC Dodoma", au anaomba namba kwenye grupu la kazini.

Kuelekezana hakujafa, kumebadilika tu. Anayepewa namba yako leo huitazama kwanza: picha ya WhatsApp ikoje, kuna kazi zinazoonekana, kuna mtu amekusifu au kukulalamikia? Akikuta picha ya gari la ndotoni na maneno "Mungu ni mwema", anahamia kwenye namba inayofuata. Mungu ni mwema kweli, lakini mteja anataka kuona AC uliyoifunga.

2. Nina simu moja na bando la wiki. Nianze na nini?

Anza na WhatsApp Business, kwa sababu ndiko mazungumzo yote yataishia. Kisha jisajili kwenye ramani ya Google (swali la 6). Baada ya hapo fungua ukurasa mmoja wa picha, na uwe mmoja kweli. Vyote vitatu havina ada.

Wengi hugeuza mpangilio huo. Wanafungua kurasa nne kwa siku moja, wanachora nembo, wanaalika ndugu na jamaa, halafu mteja wa kwanza anapoandika anajibiwa kesho yake jioni. Biashara ya huduma haihitaji umaarufu. Inahitaji kuonekana saa ile mtu ana shida na kumjibu kabla hajampata mwingine.

3. Ukurasa huo mmoja uwe Facebook, Instagram au TikTok?

Angalia kazi yako inanunuliwa kwa jicho au kwa dharura. Ususi, keki, mapambo na picha hununuliwa kwa jicho, basi Instagram. Kazi yenye "kabla" na "baada" ya kushangaza, kama zulia lililogeuka rangi kwa vumbi, inapendeza sana TikTok. Facebook ina watu wazima wenye nyumba na makundi ya kuuziana na kupangishana nyumba. Fundi bomba na anayehamisha vyombo watapata zaidi huko.

Ukishindwa kuamua, waulize wateja wako watano wa mwisho wanashinda wapi.

4. Nahitaji tovuti?

Mwanzoni hapana. Unaihitaji unapoanza kuuzia taasisi: hoteli, shule binafsi, mashirika. Mhasibu wa shirika anataka barua pepe yenye jina la biashara, orodha ya huduma na mahali pa kuelekeza hati ya madai. Hapo chukua jina linaloishia na .co.tz kwa wakala aliyeidhinishwa, weka ukurasa mmoja unaofunguka haraka kwenye simu, basi.

Wengi wa Dodoma huuliza swali hili wakiwa na kazi za wizara akilini. Ununuzi wa serikali hupitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Unatakiwa kujisajili humo, na tovuti nzuri kiasi gani haitakuvusha.

5. Jina la biashara liweje?

Liwe fupi, litamkike kwenye simu bila kurudiwa, na liwe lilelile kila mahali: BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kwenye stika, Google, WhatsApp na Lipa Namba. Usiongeze maneno ya matangazo kwenye jina ukiwa Google, mfano "Fundi AC Bora Bei Nafuu Dodoma Saa 24". Google wanataka jina halisi la biashara, na majina ya namna hiyo ndiyo yanayosimamishwa.

## Google na ramani

6. Sina ofisi, nawafuata wateja majumbani. Naweza kuonekana kwenye ramani?

Unaweza. Unapofungua Wasifu wa Biashara wa Google utaulizwa kama wateja huja kwako. Jibu hapana, ficha anwani ya nyumbani, kisha taja maeneo unayohudumia. Unaruhusiwa hadi maeneo 20, lakini taja yale unayofika kweli bila kunung'unika. Kama kila ukiitwa Nala unaona nauli imekula faida, usiitaje Nala.

Kitu cha kutulia nacho ni aina kuu ya biashara. Chagua inayokaribia zaidi kazi inayokuingizia pesa. Fundi anayefunga AC na pia kutengeneza friji achague moja iwe kuu, nyingine aiongeze chini yake. Ukichagua neno pana kama "huduma za matengenezo", utajikuta unashindana na kila mtu.

7. Google wanataka video ya uhakiki. Nirekodi nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi wa Dodoma hukwama, kwa hiyo tuende hatua kwa hatua. Video inatakiwa irekodiwe kwa mkupuo mmoja, bila kukatwa wala kuhaririwa, na ionyeshe mambo matatu: upo wapi, una vifaa vya kazi, na biashara ni ya kwako.

Tuseme unasafisha makochi. Anzia nje, barabarani. Onyesha kibao cha jina la mtaa au namba ya nyumba. Zoezi la anwani za makazi la 2022 limeacha vibao hivyo sehemu nyingi za mji. Kama kibao hakipo, onyesha duka au shule inayojulikana. Tembea hadi unapohifadhi vifaa, fungua mlango kwa ufunguo wako huku kamera inaona. Onyesha mashine ya kunyonya maji, iwashe ingurume, onyesha madumu ya sabuni na brashi. Malizia na karatasi yenye jina la biashara: cheti cha BRELA, leseni, au kitabu chako cha risiti. Usionyeshe namba ya kitambulisho chako wala ya akaunti ya benki, hazihitajiki.

Mtandao ukiwa mzito video haipandi, hapo rudia usiku. Ikikataliwa, soma sababu kabla ya kurudia. Mara nyingi jina la kwenye karatasi halifanani na lililoandikwa Google (swali la 5).

8. Nimekubaliwa, mbona sitokei wa kwanza?

Google wenyewe wanasema wanatazama mambo matatu: huduma yako inafanana kiasi gani na kilichotafutwa, umbali kutoka kwa anayetafuta, na biashara inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Aliyeko Kizota na aliyeko Nzuguni wataona orodha tofauti, na wewe ukijitafuta ukiwa nyumbani kwako utajiona juu na kujidanganya.

Unachoweza kukibadilisha ni kufanana na kujulikana: maelezo yaliyojaa, picha halisi, saa za kazi zilizo sahihi, na maoni ya wateja (swali la 18). Anayekuuzia "nafasi ya kwanza Google kwa uhakika" anakuuzia hewa.

9. Pini imeangukia kiwanja kitupu na wateja wanapotea.

Isogeze mwenyewe kwenye mipangilio ya wasifu, ukiwa umesimama mlangoni na umewasha lokesheni. Viwanja vipya vya Dodoma vina barabara ambazo ramani haijazijua vizuri, kwa hiyo weka pia sentensi moja ya kuelekeza kama unavyomwelekeza bodaboda: ukishuka wapi, ukate upande gani, geti la rangi gani.

## WhatsApp na bei

10. WhatsApp Business inanipa nini ambacho ya kawaida hainipi?

Saa za kazi, maelezo ya biashara, orodha ya huduma yenye picha na bei, salamu ya moja kwa moja, ujumbe wa ukiwa haupo, majibu ya haraka uliyoyahifadhi, na lebo za kupanga wateja. Lebo ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Ukiwa na "ameulizia bei", "tumepanga siku", "anadaiwa" na "wa kila mwezi", hutahitaji kukumbuka chochote kichwani.

Tumia laini ya kazi peke yake ukiweza. Mteja anayeona stetasi ya harusi ya shemeji yako kwa siku tatu mfululizo ataizima, na tangazo lako litazimika nayo.

11. Watu wanauliza "bei gani?" halafu wanapotea. Nafanyaje?

Tazama kwanza ulivyojibu. Mazungumzo yanayokufa huwa hivi: mteja anauliza "Bei gani kusafisha makochi?" saa mbili usiku. Saa nne asubuhi anajibiwa, "Inategemea." Anauliza inategemea nini. Kimya. Mchana, "Upo wapi?" Mteja amekwisha kusafishiwa na mwingine.

Jibu moja linatakiwa limpe kitu na limwombe kitu. Hifadhi kama jibu la haraka, kwa mfano:

"Habari, karibu sana. Tunasafisha makochi, mazulia na magodoro hapohapo nyumbani kwako. Kochi la mtu mmoja ni TSh 10,000, la wawili 15,000, la watatu 20,000. Kisasa, Ilazo, Area D na Makulu usafiri ni bure. Kwingine tunakuambia kabla hatujatoka. Naomba picha ya makochi, mtaa uliopo na siku unayopenda tuje."

Picha ya makochi inafanya kazi mbili: unajua ukubwa wa kazi, na mteja aliyeinuka akapiga picha amekwisha kuingia kwenye biashara. Asipojibu, mkumbushe mara moja kesho yake, kwa adabu: "Dada, habari ya leo? Alhamisi tutakuwa na kazi Ilazo, tukuwekee nafasi?" Akikaa kimya tena, mwache. Kumfuata mtu mara tano kunaharibu jina.

12. Niandike bei wazi au niseme "bei inbox"?

Andika. Najua hoja za upande wa pili: washindani wataona, kazi zinatofautiana, mteja akiona bei atakimbia. Washindani wanaijua tayari, wanaulizia kwa namba za dada zao. Anayekimbia bei ukurasani angekimbia pia faragha, baada ya kukumalizia dakika kumi. Na kwa mgeni wa mji "bei inbox" inasomeka kama "tunapanga bei kwa kukuangalia". Mtumishi, mbunge au mtu wa shirika ana hofu hiyo tayari, kwa kuwa amewahi kutajiwa bei ya kola na tai.

Kazi zinatofautiana kweli, kwa hiyo andika "kuanzia" na useme kinachoipandisha. Fundi AC anaweza kuandika: kusafisha AC ya ukutani kuanzia TSh 30,000; inaongezeka ikiwa mashine ya nje iko juu ya ghorofa au gesi imeisha. Kazi ambayo haiwezi kukadiriwa bila kuonwa, kama bomba linalovuja ndani ya ukuta, iwekee bei ya kuja kuangalia, na sema kama inakatwa kwenye malipo ya kazi. Hiyo bei ya kuangalia itaje kabla hujapanda bodaboda. Ugomvi mwingi wa mafundi na wateja huzaliwa hapo.

Huduma isiyoandikiwa bei kabisa ni ile ya shughuli kubwa, kama chakula cha watu 300. Hata hapo, onyesha mfano mmoja wa menyu na bei yake kwa sahani.

13. Ninatuma matangazo kwa watu wengi kwa mpigo, mbona hayawafikii?

Orodha ya kutuma kwa wengi kwenye WhatsApp inabeba watu 256, na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana kila ukimaliza kazi umwombe mteja, "Tuhifadhi kwa jina la biashara, siku ukihitaji utuone haraka."

Kuchukua namba kwenye grupu la wazazi wa shule au la mtaa na kuwatumia wote tangazo usifanye. Wakikuripoti, WhatsApp wanaifungia namba, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa.

14. Namba yangu imefungiwa WhatsApp. Inarudi?

Wakati mwingine. Omba uhakiki upya ndani ya programu yenyewe. Kama ulikuwa unatumia WhatsApp za kuchakachua, zile za rangi-rangi zinazokuonyesha ujumbe uliofutwa, ziondoe, uweke halisi ndipo uombe. Ikirudi, weka namba ya siri ya hatua mbili siku hiyohiyo na uhifadhi nakala ya mazungumzo.

## Picha na maneno

15. Niposti nini kila siku?

Si lazima kila siku. Mara mbili kwa wiki inatosha, ilimradi uposti kazi halisi na kitu ambacho mtu wa Dodoma anaishi nacho. Mji huu unakupa kalenda bure. Kiangazi kikikolea vumbi linaingia hadi ndani ya kabati: msimu wa makochi, mapazia na vichujio vya AC. Oktoba na Novemba joto linabana, AC zilizolala zinawashwa na kugoma. Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, mapaa yanajitangaza yenyewe. Bunge la bajeti linakaa Aprili hadi Juni, nyumba za wageni zinajaa na kila mwenye nyumba ya kupangisha anataka usafi kwa haraka. Nanenane ya Nzuguni ni Agosti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakirudi, wanaohamisha vyombo na wasusi wanajua wenyewe.

Posti wiki mbili kabla ya shida, si shida ikiwa imeshafika.

Posti inayodumu kuliko zote ni ile inayoeleza jambo. Maji ya visima vya huku yana chumvi na madini. Yanaacha ukoko mweupe kwenye mabomba ya kuogea na ndani ya hita. Fundi bomba akirekodi sekunde arobaini anafungua hita, anatoa ule ukoko kwa bisibisi na kuuweka kiganjani, kisha anasema kila baada ya muda gani isafishwe, video hiyo itasambazwa kwenye magrupu bila yeye kulipa. Mikono, kifaa, uchafu wenyewe. Muziki si lazima.

16. Naruhusiwa kuposti picha za nyumbani kwa mteja?

Omba ruhusa kwanza, kwa maandishi, hata ujumbe wa "sawa" unatosha kuwa kumbukumbu. Piga kochi, usipige familia. Angalia kioo, picha za ukutani, namba ya gari uani, vyeti. Dodoma hujui nyumba ni ya nani, na kuna wateja ambao hawataki mtu ajue hata mtaa wanaoishi.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili. Daftari lako la majina, namba na ramani za majumba ya wateja ni taarifa binafsi. Usilipige picha na kulirusha kwenye grupu la vijana wako wa kazi.

17. Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili, kwa maneno ambayo mteja anaandika akiwa na shida: "kuzibua choo Dodoma", "fundi friji Nkuhungu", "kusuka nyumbani". Taja mtaa. Ukiwa unahudumia mashirika, weka maelezo mafupi ya Kiingereza chini yake. Kufungua video kwa "Mbukwenyi" kunapendeza na wenyeji hutabasamu, ila wateja wako wametoka Mbeya, Mwanza na Tanga, kwa hiyo endelea kwa lugha ya wote.

## Maoni ya wateja

18. Ninaombaje maoni bila kuonekana omba-omba?

Omba saa ile mteja anafurahi, palepale. Wasifu wa Google unakupa kiungo, mtumie WhatsApp ukiwa bado unakusanya vifaa: "Kaka, ukipata dakika moja tuandikie umeonaje kazi, inawasaidia wageni kutupata." Anayesema "nitaandika baadaye" hataandika, na si ubaya wake.

Usimpe punguzo wala zawadi ili aandike; sera za Google zinakataza. Na usiwaandikishe binamu saba siku moja. Msomaji huona: wote wanasema "huduma nzuri sana", hakuna anayetaja kochi, choo wala mtaa.

19. Nimepewa nyota moja. Nifute?

Huwezi kufuta maoni ya mtu. Unaweza kuyaripoti yakiwa ya uongo au matusi, na uamuzi ni wa Google. Kilicho mikononi mwako ni jibu, na humwandikii yule aliyelalamika peke yake. Unawaandikia watakaosoma mwakani. Mfano: "Pole sana dada kwa usumbufu. Tulipanga saa nne, fundi akafika saa tisa bila kukupigia. Tumezungumza leo, Jumamosi tunarudi kumalizia bila malipo." Fupi, halina kujitetea, lina tarehe ya kurekebisha.

Kama mlalamikaji si mteja wako, sema tu kwamba hujaiona kazi hiyo kwenye kumbukumbu zako na umwombe akupigie. Usimtaje jina, usibandike mazungumzo yenu.

## Kulipia matangazo

20. Kubusti kunafaa?

Kunafaa baada ya hayo ya juu kukaa sawa. Kulipia watu waje kwenye namba isiyojibiwa ni kulipia sifa mbaya.

Ukilipia Facebook au Instagram, lengo liwe kuanzisha mazungumzo ya WhatsApp. Likes hazilipi kodi ya fremu. Kwenye eneo usichague "Dodoma" na kuacha hivyo, maana unaweza kuchukua mkoa mzima na kulipia macho ya Kondoa na Mpwapwa. Weka pini mjini na uchague kilomita unazofika. Jaribu kiasi kidogo kwa siku chache, kisha hesabu kitu kimoja: shilingi ngapi zimeleta kazi iliyolipwa. Watu 4,000 walioona ni habari ya kumfurahisha aliyekupigia picha.

21. Sina kadi ya benki. Ninalipiaje?

Majukwaa hayo hutaka kadi ya Visa au Mastercard. Baadhi ya mitandao ya simu hutoa kadi za mtandaoni zinazojazwa kutoka kwenye pesa ya simu, M-Pesa ikiwemo. Tazama menyu ya mtandao wako. Weka kiasi cha tangazo tu. Usimpe mtu akulipie kwa kadi yake kwa kuingia na nywila yako (swali la 25).

22. Ninunue wafuasi?

Hapana. Hawaishi Dodoma na hawana makochi.

## Karatasi, pesa na imani

23. Lazima nisajiliwe ndipo nijitangaze?

Kujitangaza hadharani ukiwa huna TIN (namba ya mlipakodi) wala leseni ni kujianika. TIN hutolewa bure na TRA, jina linasajiliwa BRELA kwa mtandao, na leseni ya biashara inaombwa Jiji kupitia mfumo wa Tausi. Kazi nyingine zina leseni zake: anayefunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama unayo, iandike kwenye wasifu. Ni mafundi wachache wanaoiandika, na mwenye nyumba mpya anaitafuta.

24. Wateja wapya hawataki kutuma malipo ya awali.

Wana haki. Wamezoea "tuma kwenye namba hii". Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara, ili anapolipa simu yake imwonyeshe jina lilelile aliloliona Google. Likitokea jina la mtu asiyemjua anasita, hata kama ni la mke wako. Malipo ya awali yahusishe na kitu kinachoonekana, kama gesi ya AC au nyama ya shughuli, na umtumie risiti ya hicho kitu. Kazi ya kusafisha haihitaji malipo ya awali.

## Ukikwama

25. Kijana aliyenifungulia kurasa ameondoka na nywila.

Kama akaunti zilifunguliwa kwa namba na barua pepe yako, badilisha nywila leo. Kama ni zake, zungumza naye kwa upole kwanza. Kwenye Google unaweza kuomba umiliki wa wasifu kupitia kitufe cha kudai biashara. Kuanzia sasa fungua mwenyewe, kisha mpe msaidizi nafasi ya umeneja, ambayo unaweza kuiondoa.

26. Mtu anatumia picha zangu kutapeli.

Piga picha za skrini zikiwa na namba na tarehe kabla hajafuta. Ripoti akaunti ndani ya jukwaa, tuma namba yake ya utapeli kwenda 15040, na kama kuna aliyelizwa mwambie afike polisi. Watangazie wateja namba yako halisi ni ipi. Kisha piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Baadaye weka jina la biashara katikati ya picha, si pembeni linapokatwa kirahisi.

27. Mtandao ukizima siku nzima?

Hutokea. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa saa kadhaa dunia nzima. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba nchini. Namba za wateja ziwe pia kwenye daftari. Na bandika stika yenye jina, namba na tarehe ya huduma kwenye kila AC, hita au tangi unalogusa. Stika haihitaji bando, na mpangaji anayefuata ataikuta.

28. Nimezidiwa na kazi. Nizime kila kitu?

Usizime, badilisha ujumbe. Salamu ya WhatsApp iseme nafasi ya karibu ni lini: "Wiki hii tumejaa, tunapokea kuanzia Jumanne." Simamisha matangazo ya kulipia. Google usiweke kwamba umefunga, kwani mtu anayetafuta ya mwezi ujao naye atapita. Mwenye dharura mpe namba ya fundi mwenzako unayemwamini, umwambie wazi kwamba ni mtu mwingine na bei ni zake.